Umejuaje? Swali linalokosekana katika mazoezi ya ufahamu wa Kiingereza

Soma sentensi hii: Jana jioni mzirufi alividumbiza vitepwe vyake kizandoni kwa sababu vilikuwa vimeanza kufyuma.

Sasa jibu maswali. Mzirufi alidumbiza nini? Vitepwe vyake. Alividumbiza wapi? Kizandoni. Lini? Jana jioni. Kwa nini? Kwa sababu vilikuwa vimeanza kufyuma. Umepata alama nne kwa nne, na hakuna hata mmoja kati yetu anayejua kama mzirufi ni mtu, mnyama au mdudu. Maneno hayo nimeyabuni mwenyewe.

Kilichokuokoa ni sarufi. Unakijua Kiswahili, kwa hiyo unajua kwamba "kizandoni" ni mahali na kwamba baada ya "kwa sababu" inakuja sababu. Ukachomoa kipande kinachofaa, ukakirudisha kama kilivyo. Mwanafunzi wa kidato cha pili hufanya vivyo hivyo mbele ya kifungu cha habari cha Kiingereza. Anaona kwenye swali neno "market", anarudi kwenye kifungu, anapekua mstari kwa mstari hadi alione tena, ananakili sentensi nzima, anahamia swali linalofuata. Mara nyingi anapata tiki. Tiki hiyo ndiyo inayoniumiza, maana inamwambia yeye, mwalimu wake na mzazi wake kwamba ameelewa.

Kila mwaka Novemba inapokaribia, mwezi wa mtihani wa taifa wa kidato cha nne, maduka ya stationari hujaa vitini vya pasti pepa. Watoto wanakaa tuisheni hadi jioni, wanafanya "solving": mwalimu anasoma swali, darasa linataja herufi, A au C, linasonga mbele. Ufahamu ndilo swali linalopitiwa haraka kuliko yote, kwa imani kwamba majibu yote yamo ndani ya kifungu, kwa hiyo hakuna cha kufundisha. Sipingi pasti pepa. Zinamzoesha mtoto mpangilio wa karatasi, zinamfundisha kugawa muda, zinamwondolea woga wa siku ya kwanza. Lakini mtihani kazi yake ni kupima, na mtoto aliyepimwa mara ishirini bila kusomeshwa chochote katikati anafika Novemba na uwezo uleule aliokuwa nao Machi.

Tuangalie kinachotokea mtoto anapokutana na kifungu kipya. Watafiti wa usomaji wa lugha ya pili, akiwemo Paul Nation wa New Zealand, wamefanya kazi ya miaka mingi kutafuta msomaji anahitaji kujua maneno mangapi ili aelewe maandishi bila msaada. Makadirio yanayotumika sana ni maneno 98 katika kila 100. Chukua kifungu cha maneno 300. Anayejua 98 kwa 100 atakwama kwenye maneno sita, na mengi kati ya hayo atayakisia kutokana na yanayoyazunguka. Anayejua 90 kwa 100 anaonekana kwetu kama mtoto anayejua Kiingereza kizuri tu, lakini katika kifungu hichohicho ana maneno 30 asiyoyajua, karibu moja katika kila mstari. Huyo hakisii tena. Kila neno ambalo lingemsaidia kukisia jirani yake nalo ni geni. Anachobaki nacho ni upekuzi, na wala si uvivu. Ni akili ya mtu anayejiokoa na kidogo alichonacho.

Hali hii ina historia. Tangu mwaka 1967 shule zetu za msingi za umma hapa Tanzania zinafundisha kwa Kiswahili, na sekondari zimebaki na Kiingereza. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Clive Criper na William Dodd, wakapima usomaji wa Kiingereza wa wanafunzi wetu, na ripoti yao ikasema waziwazi kwamba wengi wao walikuwa hawajafika mahali pa kuweza kujifunza masomo mengine kwa lugha hiyo. Ni miaka zaidi ya 40 sasa. Mtoto anayetoka darasa la saba bado anaingia kidato cha kwanza Januari, anapewa kozi fupi ya Kiingereza, kisha anakabidhiwa kitabu cha bayolojia. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambayo zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri kabla hayajafutwa na kupangwa upya, yalikuwa na sababu nyingi, na kila mtu alikuwa na yake. Lakini maswali ya historia, jiografia na bayolojia yote ni vifungu vya Kiingereza kabla ya kuwa maswali ya historia, jiografia na bayolojia. Asiyeelewa anachosoma ameshaanguka kabla somo lenyewe halijaanza.

Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mkubwa na nina upande wangu ndani yake, ila mtoto aliyeko kidato cha tatu leo hawezi kuusubiri uishe. Yeye anataka kujua Jumamosi hii afanye nini.

Asome hadithi rahisi, na asome nyingi. Najua jibu hili linawakatisha tamaa wazazi waliotegemea kitini, kwa hiyo nieleze kwa nini naliamini. Mwaka 1980 watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walikwenda kwenye shule za msingi za vijijini nchini Fiji, visiwa ambavyo Kiingereza ni lugha ya pili kwa watoto kama ilivyo kwetu. Wakapeleka vitabu vya hadithi vipatavyo 250 kwa kila darasa la nne na la tano katika shule nane. Hawakuleta mtaala mpya wala walimu wapya. Kila siku, kwa dakika kama 20 hadi 30, watoto ama walisoma kimyakimya ama walisomewa na mwalimu na kuzungumza naye juu ya hadithi. Baada ya mwaka mmoja maendeleo yao katika kusoma yalikuwa kama mara mbili ya yale ya wenzao waliobaki na vitabu vya kawaida vya mazoezi, na mwaka wa pili faida ikasambaa hadi kwenye kuandika na sarufi, vitu ambavyo hakuna aliyevifundisha kwa makusudi katika dakika zile.

Sababu yake si ngumu kuiona. Neno moja halishikiki kwa kukutana nalo mara moja kwenye orodha ya msamiati. Linashikika mtoto akilikuta leo kwa dereva, kesho kwa mwizi, keshokutwa kwa mgonjwa, kila mara likifanya kazi tofauti kidogo. Kifungu cha mtihani kinampa maneno 300. Kitabu chembamba cha hadithi kinampa maelfu, na kwa kuwa anataka kujua mwisho wa mkasa, hasukumwi na mtu.

Sisi wenyewe tuliwahi kulifahamu jambo hili. Baada ya ripoti ya 1984 ulikuja mradi wa kuinua Kiingereza sekondari, ukafadhiliwa na Uingereza, na sehemu yake kubwa ilikuwa kusambaza vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi. Wasomaji wengi wa umri wangu wanamkumbuka Hawa dereva wa basi na Mabala mkulima, kazi za Richard Mabala, mwalimu mzaliwa wa Uingereza aliyekuja kuwa raia wa Tanzania. Vitabu hivyo viliandikwa kwa Kiingereza chepesi kuhusu mabasi, mashamba na ndoa tunazozijua, ili mtoto apambane na lugha tu, asipambane na lugha na mazingira mageni kwa wakati mmoja. Vimeendelea kusomwa miaka na miaka. Kilichobadilika ni jinsi vinavyosomwa. Siku hizi nenda kaulize hadithi hizo kwenye duka la vitini, utapewa uchambuzi: wahusika, dhamira, ujumbe, kurasa kumi. Mwanafunzi anakariri kwamba Hawa ni jasiri na hajawahi kumwona Hawa akiwa barabarani. Kitabu kilichoandikwa ili asome kimegeuzwa kuwa kitu cha kumeza bila kusoma.

Tuje kwenye kifungu chenyewe, maana mtihani upo na lazima ufanywe. Nimetunga mfano, uchukulie kwamba mwanafunzi anausoma kwa Kiingereza. Mama muuza maembe amekaa kituo cha daladala tangu asubuhi. Saa sita mchana anatazama juu, anainuka haraka, anafunika kikapu chake kwa nailoni, ingawa mteja alikuwa bado anachagua. Wapiga debe wanakimbilia chini ya paa la kibanda. Kifungu kinaishia hapo. Swali: kwa nini mama alifunika kikapu?

Neno "mvua" halimo popote. Mpekuzi anatafuta sababu, haioni, basi ananakili kilichopo: mama alitazama juu akafunika kikapu chake kwa nailoni. Au anaacha wazi. Nimewapa wanafunzi mfano wa aina hii, na wanaonyanyua kichwa na kusema "mvua!" si lazima wawe ndio wenye Kiingereza kingi. Ni wale walioiona picha.

Hapo ndipo swali langu linapoingia. Mwanafunzi akisema mvua, mwulize: umejuaje? Mwache aweke kidole kwenye mstari. Ametazama juu. Wengine wamekimbilia paa. Amechagua nailoni, hakuchagua kanga. Dalili tatu, na kila moja ina mahali pake kwenye karatasi. Aliyekosea naye mwulize vilevile, kwa sauti ileile, bila kumwonyesha kwamba amekosea. Akisema alifunika kwa sababu ya wezi, aonyeshe mstari. Pengine atasema wapiga debe ndio wezi, ndiyo maana wanakimbia, na hapo utagundua kwamba kifungu amekielewa vizuri ila uzito wa dalili hajaupima. Mtoto huyo yuko mbali sana na yule aliyenakili, ingawa wote wawili wangepata sifuri. Kifungu kimoja kikifanyiwa kazi hivi kwa kipindi kizima cha dakika 40 kina faida kuliko vifungu vitano vilivyotajiwa herufi.

Yapo pia mambo ya sarufi yanayomtega mzungumzaji wa Kiswahili peke yake, na vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya watoto wa dunia nzima haviyagusi. Kubwa ni hili. Katika lugha yetu kitenzi hubeba alama ya kinachozungumziwa. Nikisema mama alibeba kikapu cha embe, kisha "kikaanguka", unajua ni kikapu. Nikisema "likaanguka", ni embe. Hakuna kujiuliza. Kiingereza kinasema "it fell" na kukuachia wewe utafute kilichoanguka ni kipi. Upande wa pili, kinatenganisha "he" na "she" mahali ambapo sisi tuna "a-" moja tu kwa baba na mama, na mtoto aliyekulia Kiswahili huipita tofauti hiyo bila kuiona. Matokeo yake anafika aya ya tatu akiwa amechanganya nani alimpiga nani. Dawa ni kalamu ya risasi: kila penye "it", "they", "she", chora mshale kurudi kwa mwenyewe. Wiki chache za mishale, na macho yanaanza kuifanya kazi hiyo bila mkono. Yatazamwe hivyo hivyo maneno madogo kama "unless" na "hardly", ambayo yanapindua maana ya sentensi nzima na hayana hata umbo la kukanusha.

Kuhusu ufupisho, nitasema jambo moja. Anayepunguza kwa kuruka sentensi moja moja hajafupisha. Funga karatasi. Nisimulie kifungu kwa Kiswahili, kwa pumzi moja, kama unavyomweleza mtu aliyechelewa kwenye mkutano. Ukiweza, ufupisho umekwisha; iliyobaki ni kuuweka kwenye Kiingereza chako mwenyewe, hata kama ni kifupi na cha kawaida. Usipoweza, rudi ukasome.

Ndiyo, kwa Kiswahili. Najua zipo shule zenye kibao getini kinachoamuru Kiingereza tupu, na zipo ambazo mtoto huadhibiwa kwa kuzungumza lugha ya nyumbani kwao. Wahadhiri wetu, Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akiwa mmoja wao, wameandika kwa miaka mingi jinsi ukimya unavyotanda darasani pale mwanafunzi anapotakiwa aseme kwa lugha asiyoimudu. Katika somo la ufahamu, ukimya huo unaficha kila kitu. Mwalimu hawezi kujua kama mtoto hakuelewa kifungu, au alikielewa akakosa maneno ya kujibia. Hayo ni magonjwa mawili na kila mmoja una tiba yake. Mtoto akiruhusiwa kueleza kwa Kiswahili alichokisoma kwa Kiingereza, mwalimu anajua ndani ya dakika moja anashughulika na upi. Akishajua, arudi kwenye Kiingereza na waandike jibu pamoja, neno kwa neno, ubaoni.

Hapo pia ndipo mlango unapofunguka kwa mzazi asiyejua Kiingereza. Wengi wanadhani hawana la kufanya zaidi ya kulipa ada ya tuisheni. Wanaweza kufanya kazi ambayo tuisheni haifanyi. Jioni mwambie mwanao: nisimulie ulichosoma leo. Kisha muulize maswali ambayo msikilizaji yeyote wa hadithi angeuliza. Kwa nini asimwambie mumewe? Alijuaje kwamba yule ni mwongo? Hiyo imeandikwa, au umeifikiria wewe? Bibi asiyejua kusoma anaweza kuyauliza maswali hayo vizuri kuliko mwalimu aliyechoka, kwa sababu amesikiliza ngano maisha yake yote na anajua mahali hadithi inapovuja. Mtoto asiyekuwa na jibu atarudi kwenye ukurasa, na safari hii atasoma akitafuta maana.

Vitabu vitatoka wapi? Shule nyingi za kata hazina maktaba ya kuitwa maktaba, na mahali pengine kitabu kimoja cha kiada kinatumiwa na dawati zima. Hilo ni deni la serikali na halifichiki. Lakini maktaba za mikoa zipo, na Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, ina sehemu ya watoto ambayo wazazi wengi wa mjini hawajawahi kuikanyaga. Wazazi wachache wa darasa moja wakinunua kila mmoja kitabu kimoja chembamba, tofauti na cha mwenzake, na kuvizungusha kila Ijumaa, darasa limepata maktaba kwa bei ya vitini. Chagua vilivyo rahisi kuliko mtoto anavyojiona. Akikuta zaidi ya neno moja au mawili mageni katika mistari mitano, kitabu hicho kisubiri.

Kwa anayetaka kuona hasa wapi watoto wanakosea, Baraza la Mitihani huchapisha kila mwaka taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, ikiwa na majibu halisi yaliyonakiliwa kwa mwandiko wa wanafunzi wenyewe, mazuri na mabaya. Inapatikana bure kwenye tovuti ya Baraza. Ningependa kila mwalimu wa Kiingereza aifungue mbele ya darasa, na wanafunzi wasahihishe wao kabla ya kuona alama iliyotolewa. Utakuta humo sentensi zilizohamishwa nzimanzima kutoka kwenye kifungu kwenda kwenye nafasi ya jibu, na hakuna mahubiri yanayomfundisha mtoto haraka kama kuliona kosa lake kwenye mwandiko wa mtu mwingine.

Ombi langu la mwisho ni kwa watunga mitihani. Majirani zetu wa Kenya, katika karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wao wa kidato cha nne, hutenga alama 20 kati ya 80 kwa kifungu cha ufahamu, na mtahiniwa huandika majibu yake mwenyewe. Sisi tuna wanafunzi wengi na wasahihishaji wachache, kwa hiyo maswali ya kuchagua yana sababu yake. Lakini hata swali la kuchagua linaweza kumtaka mtoto aonyeshe ni sentensi ipi iliyomfanya ajue. Walimu hufundisha kinachoulizwa, na tuisheni hufuata mtihani kwa kasi kuliko mtaala wowote. Maswali ya namna hiyo yakianza kuonekana Novemba, ifikapo Januari vitini vitakuwa vimebadilika.